Butembo: Gari mpya inafika, asiransi inabaki nyuma

Mfanyabiashara wa Butembo anapokwenda Kasindi kupokea gari yake, hesabu yote iko kichwani. Anajua bei aliyolipa Japani, anajua pesa ya meli hadi Mombasa, pesa ya kuivusha Kenya na Uganda, pesa ya duane, ya wakala anayemfuatia makaratasi, ya parkingi, ya mafuta, hata ya soda za vijana watakaoiosha vumbi. Muulize asiransi itamgharimu ngapi na atainunulia wapi. «Hiyo tutaona nikishafika mjini,» ndilo jibu la wengi.

Hatari imekaa ndani ya hiyo «tutaona». Kutoka daraja la Lubiriha mpaka Beni ni kilometa karibu 80, na kutoka Beni mpaka Butembo zinaongezeka zingine zaidi ya 50. Njia hiyo yote gari inaipita bila plaki ya Kongo, mikononi mwa shofere ambaye hajazoea breki zake, na mara nyingi usukani uko kuume katika inchi ambamo watu wanaendesha upande wa kuume. Akitaka kupita lori lililo mbele yake, lazima atoe karibu gari nzima upande wa pili ndipo aone kinachokuja. Kando ya barabara kuna watoto wanaotoka shule, mama wanaouza ndizi, mbuzi, na motari waliobeba abiria wawili na gunia juu. Kama kuna siku moja katika maisha ya gari ambayo asiransi inahitajika, ni hiyo siku ya kwanza. Na ndiyo siku ambayo gari haina.

Wengine wanajitetea kwamba gari ilikuwa na karatasi ya safari toka Mombasa. Ni kweli, gari inayopita Kenya na Uganda huwa na karatasi kama hiyo. Lakini imeandikwa kwa ajili ya safari, na mwenye kuisoma vizuri atakuta kwamba kwa kawaida safari yenyewe inaishia mpakani. Upande huu wa daraja, ni kioo cha mbele tu ndicho kinachoibeba.

Sheria ya Kongo haikuacha jambo hili kwenye «tutaona». Toka tarehe 5 Januari 1973, inchi ingali inaitwa Zaire, sheria nambari 73-013 inamlazimisha kila mwenye chombo chenye mota kinachotembea barabarani awe na asiransi ya madhara anayoweza kuwaletea wengine. Pikipiki nazo zimo, ingawa mtu akitazama motari wanaongojea abiria kwenye ronpwe asubuhi hawezi kuamini kwamba sheria hiyo ina miaka zaidi ya 50. Aliyefikiriwa na sheria hiyo alikuwa mtu wa tatu: anayetembea kwa miguu, mwenye duka ambaye ukuta wake umebomolewa, motari aliyegongwa kwa nyuma. Mtu ambaye hakununua gari, hakusaini kitu, na hana namna ya kujikinga isipokuwa kuruka kwenye mtaro.

Imekuwaje basi karatasi iliyotungwa kwa ajili ya mtu huyo igeuke kuwa karatasi ya polisi? Historia ina sehemu yake. Mwaka 1966 serikali iliunda SONAS, na kwa karibu nusu karne kampuni hiyo ilikuwa peke yake katika kazi ya asiransi inchi nzima. Mwenye gari hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alilipa kama anavyolipa vinyeti, akabandika, akasahau. Kwa watu wengi asiransi ilikaa katika mfuko mmoja na kodi: pesa inayotoka na hairudi. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, ikaundwa mamlaka ya kuzisimamia, ARCA, na mwaka 2019 ruhusa za kwanza zikatolewa kwa kampuni kama Activa, Rawsur na SFA Congo. Leo mnunuzi anaweza kuchagua. Lakini anachagua nini? Anachagua bei ya chini, kwa sababu ndiyo mazoea yaliyobaki.

Mtu anayemsaidia kuchagua naye ana mazoea yake. Kila anayepitia makaratasi ya gari anamjua huyo komisioneri mwenye mkoba chini ya kwapa. Hamuulizi mteja gari itafanya kazi gani, nani ataiendesha, italala wapi. Anamwambia: «Patro, chukua hii ya chini, ni ya polisi tu.» Patro anatoa dola, anapewa karatasi, anaipachika kwenye kioo. Wote wawili wameridhika. Hakuna aliyesoma.

Kungekuwa hakuna ubaya kama ajali zingekuwa kati ya mwenye gari na polisi. Haziko hivyo. Gari inamgonga mama anayevuka na beseni lake, paja linavunjika. Jamaa wa pande zote mbili wanakutana hospitalini, wazee wanaketi, wanaanza kupatana. Mwenye gari analipa kuingizwa, picha ya mfupa, dawa za juma la kwanza. Mfupa wa paja hauponi kwa juma moja. Mwezi wa pili simu yake haiitiki tena. Mama anabaki kitandani, na wakati wa kutoka, hospitali inamzuia kwa deni, jambo ambalo hakuna mkaaji wa Kongo anayehitaji kuelezwa. Biashara yake ndogo imekwisha, watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa pesa. Upande wa pili mwenye gari ameuza kiwanja, au ameuza hiyo hiyo gari kwa bei ya kutupa, naye anajiona ndiye aliyeonewa. Familia mbili zimeanguka kwa ajali moja, kwa sababu ya karatasi ambayo mmoja wao alifikiri ni ya kumwonyesha polisi.

Hapo ndipo asiransi ya lazima inapofanya kazi yake. Kampuni inaingia mahali pa mwenye gari kwa yale anayodaiwa na aliyeumizwa. Haitengenezi gari ya mteja wake. Jambo hili linawashangaza wengi hata leo: mtu amelipa mwaka mzima, anagonga mti, anakwenda kwenye ofisi na picha za bampa iliyokunjika, anaambiwa mkataba wake hauna hiyo. Anatoka akisema kampuni ni wezi. Hapana, alinunua kinga ya wengine akadhani amenunua ya gari yake. Na aliyemuuzia alimwacha adhani hivyo.

Kinga ya gari yenyewe inanunuliwa kando: wizi, moto, vioo, au ile inayoitwa tu riske ambayo inabeba na kugonga. Bei inapanda sana, na kwa gari ya miaka 15 yenye mota iliyochoka pengine haina maana. Mwenye gari ya namna hiyo anaweza kubaki na asiransi ya lazima bila aibu, pengine aongeze ulinzi wa shofere na abiria, maana shofere mwenyewe mara nyingi hahesabiwi kama mtu wa tatu katika gari anayoiendesha. Lakini aliyetoa dola 12 000 kwa gari ambayo ndiyo akiba yake yote, aliyekopa benki, au aliyechangiwa na ndugu, huyo anapaswa kupiga hesabu nyingine.

Na hesabu hiyo inaanzia mahali ambapo wengi hawatazami: kwenye fakture. Si siri kwamba magari mengi yanapita duane na bei iliyopunguzwa. Gari ya dola 12 000 inaandikwa 6 000 ili ushuru upungue. Mwenye gari anafurahi, wakala anafurahi. Kisha fakture ile ile inapelekwa kwenye asiransi, na bei ya kila mwaka nayo inapungua, furaha ya pili. Siku gari inaumia, kuitengeneza kunahitaji dola 4 000. Kampuni inatuma mtaalamu wake, anakuta gari ya 12 000 iliyoandikishwa kwa 6 000. Katika kazi ya asiransi kuna kanuni ya zamani: aliyelipia nusu ya thamani analipwa nusu ya hasara. Mteja anapewa 2 000. Wakitoa bado ile sehemu ambayo mkataba unasema mteja anajibebea mwenyewe, inayoitwa franshize, tuseme dola 300, anaondoka na 1 700 akiwa na deni la garaji la 4 000. Atapiga kelele, na kelele zake hazitakuwa na msingi. Aliandika mwenyewe.

Kuna uongo mwingine mdogo unaogharimu vile vile. Gari inaandikishwa kuwa ya nyumbani, ya kupeleka watoto shule, kwa sababu bei yake ni nafuu. Juma linalofuata inapewa kijana aifanyie taksi, alete pesa kila jioni. Siku ya ajali kuna watu sita ndani waliolipa nauli. Kampuni ikiuliza swali moja tu kwa abiria mmoja tu, mkataba umeingia matatani, na hapo tena anayeumia zaidi si mwenye gari. Ni hao sita.

Mashariki ya Kongo ina swali lake ambalo makomisioneri hawapendi kuliulizwa. Barabara ya Beni-Kasindi na ile ya Beni-Komanda zimeshuhudia magari yakichomwa moto na watu wenye silaha mara ambazo mkaaji wa Beni hawezi tena kuzihesabu. Mtu amelipia kinga ya moto. Gari imechomwa. Atalipwa? Katika mikataba ya kawaida, hapa na duniani, hasara zitokanazo na vita, maasi na ghasia huwekwa nje, isipokuwa mteja ameomba ziongezwe na kampuni imekubali kwa maandishi. Moto wa waya uliogusana ni moto. Moto wa waasi, kwa lugha ya mkataba, ni kitu kingine. Kumuuzia mtu wa Beni kinga ya moto bila kumsomea ukurasa huo ni kumdanganya, hata kama kila neno limeandikwa kisheria. Kampuni zinazofungua milango Mashariki zinapaswa kusema jambo hili kwanza, kabla ya bei, kwa Kiswahili, na si kwa herufi za mchwa mwishoni mwa karatasi ya Kifaransa.

Watu wataleta hoja yao, nayo ni nzito: hata mwenye makaratasi yote hulipwa kwa shida. Faili inaambiwa iko Kinshasa. Saini inangojewa Kinshasa. Aliyeumia anapanda ngazi za ofisi na mkongojo wake miezi na miezi, mwishowe anakubali pesa kidogo ili apumzike. Malalamiko haya yanasikika kila mahali na hayawezi kusukumwa kando. Lakini jibu ambalo wakaaji wengi wamejichagulia, kununua karatasi ya chini kabisa bila kuuliza kitu, linaisaidia nani? Kampuni inayochelewesha inapata mteja ambaye hatamsumbua mtu, kwa sababu hajui anadai nini. Mteja mwenye mkataba uliosomwa, mwenye risiti, mwenye PV ya polisi na picha za siku hiyo hiyo, aliyetangaza ajali ndani ya siku chache zilizoandikwa katika mkataba wake, huyo ndiye anayeogopwa. Wengi wanapoteza haki yao hapa: wanapatana kwanza, wanasogeza magari, wanamwita polisi baada ya siku tatu, wanakumbuka asiransi baada ya mwezi.

ARCA nayo haiwezi kuwasimamia watu wa Butembo kutoka kwenye boulevard ya Kinshasa. Kazi yake ni kulinda mwenye mkataba na aliyegongwa, na mtu aliyegongwa Mutwanga hana nauli ya ndege. Kitu kidogo kingeanza kusaidia: orodha ya kampuni zenye ruhusa ibandikwe kwenye komini, kwenye parkingi za duane na kwenye ofisi ya plaki, pamoja na namba ya simu inayojibiwa kwa Kiswahili. Karatasi za feki zinaishi kwa sababu mnunuzi hana mahali pa kuuliza kama jina lililo juu ya karatasi ni la kampuni kweli. Kwa sasa anauliza nani? Anamuuliza komisioneri yule yule aliyemuuzia.

Polisi wa barabarani hawakosi katika habari hii. Wamewafundisha wakaaji kwamba asiransi ni kitu cha kuonyesha. Kizuizi kinatazama rangi na tarehe, basi. Je, jina lililo kwenye mkataba ni la mwenye gari wa leo? Gari nyingi za pili mjini zinatembea na karti rozi ya mtu aliyeiuza miaka mitatu iliyopita, na karatasi ya asiransi yenye jina la mtu huyo huyo. Mnunuzi anaona miezi saba imebaki kwenye kioo, anahesabu kwamba amepewa zawadi. Asijidanganye. Mkataba ulifanywa na mtu mwingine, kwa gari iliyokuwa yake. Kabla ya kulala na gari hiyo usiku mmoja, aende na muuzaji kwenye ofisi ya kampuni, waandikishe kwamba gari imegeuza mikono, au afungue mkataba wake mwenyewe.

Lakini dawa kubwa iko Kasindi, na ni rahisi kuliko inavyosemwa. Kinachowafanya watu wangojee mji ni imani kwamba gari isiyo na plaki haiwezi kupewa asiransi. Gari ina namba ya shasi toka kiwandani, na namba hiyo ndiyo duane wanayotumia kuitoza. Namba hiyo hiyo inaweza kuandikwa kwenye mkataba wa siku chache au wa mwaka, na plaki ikaongezwa baadaye. Duane haiachi gari itoke parkingini bila kulipiwa ushuru. Kwa nini serikali hiyo hiyo inaiacha itoke bila asiransi ambayo sheria yake yenyewe inailazimisha toka 1973? Madirisha mawili yangekaa jengo moja, la ushuru na la kampuni za asiransi zenye ruhusa, kila moja na bei yake ukutani, mnunuzi achague. Wafanyabiashara watasema ni mzigo mwingine juu ya mizigo, na katika mpaka wenye huduma nyingi zinazotoza kila mmoja chake, wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo dirisha hilo lisiwe la kodi mpya wala la kampuni moja iliyopendelewa. Pesa ni ile ile ambayo mwenye gari angelipa Butembo juma linalofuata. Tofauti ni kilometa 130.

Kwa wale ambao gari zao zitarudi njia ile ile kwenda Kampala kuchukua bidhaa, kuna karatasi moja zaidi. Asiransi ya Kongo pekee haimlindi mtu upande wa pili wa daraja. Kadi ya manjano ya COMESA, ambayo Kongo, Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Zambia zinaitambua, na hata Tanzania isiyo mwanachama wa COMESA, inachukuliwa kwa kampuni ya hapa kabla ya kuondoka, juu ya asiransi ya kawaida. Asiyekuwa nayo atanunua nyingine mpakani.

Na aliye bado katika kupatana bei ya gari, Dubai, Japani au kwa jirani, ana nafasi ambayo mwenzake aliyekwisha kufika parkingi hana tena. Apige simu kwa kampuni mbili au tatu leo, aseme mwaka wa gari, nguvu ya mota, bei ya kweli, kazi itakayofanya na barabara itakayopita. Aombe bei kwa maandishi, na mstari wa franshize, na mstari wa vita. Kama jumla hiyo inamshinda, basi gari hiyo ndiyo inayomshinda, na bado ana wakati wa kuchagua ndogo.